Nani Anaisikia Khutba?

Jioni ya tarehe 1 Mei 2021, Ramadhani ikiwa imevuka katikati, Sheikh Ali Amini Uthman alipigwa risasi akafa ndani ya msikiti mjini Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa swala. Alikuwa mwakilishi wa Waislamu wa mji huo, na alikuwa akiwalaani waziwazi wapiganaji wa ADF, kundi lililovuka kutoka Uganda katika miaka ya 1990 na ambalo tangu Oktoba 2014 limewaua raia wengi mno wa Beni na vijiji vyake kwa mapanga na bunduki. Kabla ya mwezi huo wa Mei kwisha, imamu mwingine wa eneo hilo naye akauawa. Aliyeamua kumnyamazisha sheikh alilifahamu jambo ambalo sisi tunaojadili nafasi ya wanawake msikitini hulisahau mara kwa mara. Msikiti ni mahali pa neno. Watu hurukuu na kusujudu, kisha mtu husimama akasema, na alichokisema hutoka na kila aliyekisikia kwenda mtaani, sokoni na nyumbani.

Mwanamume aliyekaa katika safu za Ijumaa alimsikia sheikh kwa masikio yake mwenyewe. Mwanamke wa Kiislamu wa Mulekera au Bungulu, mitaa ya Beni, kama hakuhudhuria, alilipata neno hilo kwa mumewe, kwa kaka yake au kwa jirani, likiwa limepunguzwa au limeongezwa, au hakulipata kabisa. Na huenda yeye ndiye aliyelihitaji zaidi. Mwanamume Mwislamu akivua kofia yake hatambulikani tena katikati ya umati. Mwanamke aliyejistiri hutambulika toka mbali. Katika mji ambao watu wake wamechinjwa na watu wanaojiita wapiganaji wa Uislamu, yeye ndiye wa kwanza kutazamwa, na ndiye wa kwanza kutakiwa aeleze dini yake inasema nini juu ya damu hiyo.

Tangu msomi wa Kimarekani Amina Wadud alipoongoza swala ya Ijumaa ya wanaume na wanawake pamoja mjini New York, tarehe 18 Machi 2005, mjadala wa dunia umeshikwa na swali moja: je, mwanamke aweza kuwa imamu wa wote? Ni swali zito, na waliolijibu kwa ndiyo na waliolijibu kwa hapana wote wamefungua vitabu na kuhoji kwa nia njema. Lakini likiletwa Beni au Butembo, linafika likiwa limeyaruka maswali yaliyo kabla yake. Anaingia? Anasikia? Anaweza kuuliza? Nitaziweka mila kadhaa ubavuni mwa miji hii miwili, iliyotengwa na kilomita 54 hivi za barabara, nikiyashika maswali hayo, bila kutafuta nani yuko mbele na nani amebaki nyuma.

Tuanze na sheria, maana ndiyo wanayoirithi pamoja watu wa Lamu, Zanzibar, Kasongo na Beni. Uislamu wa Kongo mashariki ulitoka pwani, na pwani kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu hayo, swala ya Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume mkazi aliyebaleghe, wala haikufaradhishwa kwa mwanamke. Lakini akihudhuria akaisali, inamtosha, hana haja ya kurudi kusali adhuhuri. Swala zake nyingine nyumbani huhesabiwa kuwa bora, na mafakihi walitofautisha kati ya bibi mzee, ambaye hakuna anayemzuia, na msichana, ambaye walimwonea karaha kutoka. Hata hivyo Mashafii hao hao wanaruhusu mwanamke awaongoze wanawake wenzake katika jamaa, akisimama katikati ya safu badala ya kutangulia mbele yao, kama ilivyopokewa kwamba Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama walifanya. Wahanafi waliliona jambo hilo kuwa makruhu, na Wamaliki hawakulikubali. Msomaji anayedhani kwamba dhehebu moja ni pana kwa kila jambo na lingine ni finyu kwa kila jambo atasahihishwa na ukurasa huu peke yake.

Kuna kifungu kingine cha Kishafii ambacho ni nadra kutajwa katika mjadala huu, nami nakiona ndicho kiini chake. Ijumaa haisihi bila wanaume wakazi 40. Wahanafi hutosheka na wachache mno, na Wamaliki hutaja 12. Katika miji ya Wakatoliki na Wabaptisti, ambako Waislamu ni wachache, hesabu ya 40 inaweza kuwa jambo la kuamua kama jamaa itasali Ijumaa au adhuhuri. Lakini mafakihi hawakuishia kwenye idadi. Walisema pia kwamba hao 40 sharti wazisikie nguzo za khutba. Imamu akisema kwa sauti ya chini hata wasimsikie, khutba imeharibika. Kwa hiyo kusikia si adabu ya ziada. Ni sharti la kusihi kwa ibada yenyewe. Mwanamke hahesabiwi katika 40 hao, na sheria haikumwekea sharti la kusikia kwa sababu haikumwekea faradhi ya kuhudhuria. Kutafuta elimu, hata hivyo, kumefaradhishwa kwake kama kwa mwanamume. Hapo pana pengo, na kila mila nitakayoitaja imelijaza kwa namna yake.

Lamu ililijaza kwa kuligawa. Mji ule wa mawe una misikiti mingi kuliko mtu anavyotarajia kwa ukubwa wake, na ya kale ilijengwa bila sehemu ya wanawake: ukumbi mmoja, mihrabu, birika la kutawadhia, mlango wa barazani ambako wanaume hukaa. Wanawake walisali majumbani. Ila haina maana kwamba hawakuwa na mkono katika msikiti. Kote pwani wanawake wenye mali waliweka wakfu nyumba, mashamba na misikiti, na Lamu kwenyewe upo msikiti unaobeba jina la mwanamke, wa Mwana Mshamu. Wa Mwenye Alawi, wa mwaka 1850, husimuliwa kwamba hapo awali ulikuwa wa wanawake, kisha ukachukuliwa na wanaume. Nimelifikiria sana jambo hili. Linaonyesha kwamba katika karne ya 19 wazo la wanawake kuwa na msikiti wao halikuwa geni pwani, na kwamba nafasi ambayo haikushikiliwa kwa cheo na kwa hati huweza kuondoka bila kishindo.

Wanawake wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walikuwa na majlisi zao nje ya msikiti: hitima, maulidi, dhikri, darsa za nyumbani ambapo mwalimu wa kike huwafundisha wasichana Qurani na mambo ya twahara. Hapo ndipo walipolisikia neno, na mara nyingi walilisikia kwa mwanamke mwenzao. Katika tarika, mipaka ilikuwa laini zaidi. Barawa, mji ambao Kichimini chake ni ndugu wa Kiswahili, ulikuwa na Dada Masiti, mshairi na mtawa wa kike aliyefariki mwaka 1919, ambaye tungo zake ziliimbwa na wanaume na wanawake, na ambaye kaburi lake likawa mahali pa ziara. Zanzibar ilimtoa Mtumwa binti Ali, aliyeichukua tarika ya Qadiriyya akaipeleka Nyasaland, Malawi ya leo. Hakuna kati yao aliyesimama mihrabuni mbele ya wanaume. Hata hivyo neno lao lilikwenda mbali kuliko la maimamu wengi wa zama zao.

Kongo ilianza kutoka kwenye mzizi huo huo, ila ardhi ilikuwa nyingine. Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, zilikuwa vituo vya misafara ya Tippu Tip na wenzake; baada ya vita vya 1892 hadi 1894, ambamo majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yaliwashinda Waarabu na Waswahili, Uislamu ulibaki bila dola na bila mali. Utawala wa Kibelgiji uliutilia shaka, ukazibana shule zake, na tarika ya Qadiriyya ilipoenea Maniema ikaitwa hatari. Pwani ilikuwa na masultani, makadhi, mashamba ya wakfu na familia za wanazuoni waliorithishana elimu. Maniema ilikuwa na walimu waliofundisha vibarazani wakichungwa na serikali. Wanawake wa pwani waliobaki nyumbani walibaki katika nyumba zilizojaa elimu. Wanawake wa Kongo waliobaki nyumbani mara nyingi walibaki katika nyumba ambazo mwenye kujua kusoma Qurani alikuwa mmoja tu, naye yuko msikitini.

Beni na Butembo zimeongeza safu nyingine juu ya historia hiyo. Ni miji ya Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, na dini yao kwa wingi ni ya Kanisa Katoliki, lililoletwa na mapadre Waasumsio kuanzia mwaka 1929, na ya Wabaptisti. Uislamu umefika kwa watu waliohamia kutoka Maniema na Kisangani, kwa biashara ya mpakani Kasindi na Uganda, na kwa ndoa. Wapo wanawake waliolelewa katika familia ya Kikatoliki au ya Kibaptisti, wakaolewa na Waislamu na kusilimu. Mwanamke wa namna hiyo anakuja na mazoea ambayo mwanamke wa Lamu hakuyapata utotoni: siku ya ibada, nyumba nzima hutoka pamoja, baba, mama na watoto, wakaketi chini ya paa moja wakasikiliza mahubiri mamoja. Kumwambia kwamba swala yake nyumbani ni bora ni kumfundisha hukumu iliyo sahihi kwa Mashafii. Lakini hukumu hiyo ilizoeleka mahali penye hitima, darsa na walimu wa kike katika kila mtaa, na hapa mambo hayo ni machache. Hukumu imesafiri, vilivyokuwa vikiizunguka havikusafiri nayo vyote.

Misikiti ya Kongo mashariki, kama ya Uganda na Tanzania bara, imelijibu jambo hili kwa vitendo kuliko kwa maandishi. Wanawake wana safu za nyuma, au chumba cha ubavuni chenye pazia na mlango wake. Harakati za Ansari Sunna, ambazo katika Kongo zilishindana na watu wa tarika juu ya mambo kama kusoma kwa sauti katika msafara wa jeneza, kwa upande wa wanawake zilikuwa na athari mbili zinazopingana. Zilizipiga vita maulidi na dhikri, yaani baadhi ya majlisi ambazo wanawake walikuwa wenyeji ndani yake. Papo hapo ziliwahimiza wanawake waende kwenye swala ya Idi uwanjani, zikishika hadithi ya Ummu Atiyya, ambaye alisimulia kwamba Mtume aliamrisha wanawake wote watoke siku za Idi, hata wenye hedhi, ambao hukaa kando ya swala lakini huishuhudia heri na dua. Watu wa mila ya kale walimpa mwanamke ukumbi wake na kumfungia uwanja. Wanaharakati walimfungulia uwanja na kumpunguzia ukumbi. Mimi siwezi kusema kwa haki kwamba mmoja wao ndiye mtetezi wa wanawake na mwingine ndiye adui yao.

Wafanyabiashara wa Butembo, wanaume kwa wanawake, wanazijua njia za Dubai na Guangzhou kuliko wengi wetu. Zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini ya Guangzhou, katika mkoa wa Henan, kuna mji wa Kaifeng wenye msikiti wa wanawake wa mwaka 1820, na si wa pekee: Waislamu wa Kihui wa China ya kati walijenga misikiti mingi ya namna hiyo, iliyokua kutoka katika shule za Qurani za wasichana na wanawake. Kiongozi wake ni mwanamke, huitwa nü ahong. Hufundisha kusoma, huwaongoza wanawake katika swala akiwa safuni pamoja nao, huwaosha maiti wa kike, huamua ugomvi wa nyumba. Na hao ni Wahanafi, watu wa madhehebu yaliyoona karaha mwanamke kuwaongoza wenzake! Katika majimbo ya kaskazini magharibi ya nchi hiyo hiyo wapo Waislamu wanaoiita misikiti hiyo bidaa. Wahenan hawakudai nafasi katika ukumbi wa wanaume, wala hawakumweka mwanamke mbele ya wanaume. Walichofanya ni kuipa kazi ya mwalimu wa kike cheo, jengo na maisha yanayoendelea baada ya kifo cha anayeishika. Ukiweka Kaifeng na Lamu pamoja, elimu ya wanawake huenda ilifanana. Tofauti ni kwamba upande mmoja mwalimu akifa kiti chake hubaki.

Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, Nana Asma'u binti Usman dan Fodio, aliyeishi kati ya 1793 na 1864, alichagua njia ya tatu. Hakujenga msikiti wala hakugombea safu. Aliwatuma wanawake waliofunzwa, kila mmoja akiwa na kundi lake, wapeleke mafunzo na mashairi vijijini kwa wanawake wasioweza kutoka. Kama wasikilizaji hawaendi kwenye neno, neno lilifungishwa safari kwenda kwao.

Cape Town inatufaa kwa sababu nyingine: ni mji wa Mashafii, waliofika na watumwa na wafungwa kutoka Asia ya kusini mashariki, na kwa muda mrefu wakiwa wachache kati ya Wakristo, kama walivyo Waislamu wa Butembo. Mwezi wa Agosti 1994, Msikiti wa Claremont Main Road ulimwalika Amina Wadud, yule yule wa New York zaidi ya miaka 10 baadaye, azungumze siku ya Ijumaa. Wanawake waliteremka siku hiyo kutoka roshani ya juu wakakaa katika ukumbi mkuu. Upinzani ulikuwa mkali, na wapinzani walikuwa watu wa dini waliouheshimu msikiti wao. Lakini tazama alichokifanya hasa: alitoa mazungumzo kabla ya khutba. Khutba zenye nguzo zake na swala yenyewe hazikuwa zake. New York ilibadilisha nani anaongoza. Cape Town ilibadilisha nani anasikia, anasikilia wapi, na anamsikia nani. Waislamu wa Afrika Mashariki na Kongo wanakifahamu kipengele hicho cha Ijumaa vizuri, maana ndipo mawaidha ya Kiswahili hutolewa kabla ya khutba ya Kiarabu. Ndipo mambo ya mji husemwa: ugonjwa, mauaji, ada za shule, jina la aliyefariki.

Majirani Wakatoliki wa Butembo wana mjadala wao, na kuutazama kunazuia dhana kwamba Waislamu peke yao ndio wanaohangaika na swali hili. Upadre ni wa wanaume. Lakini kwa miongo mingi wanawake wamesoma Maandiko kwenye misa, wameongoza kwaya na kuzibeba jumuiya ndogo za mitaani. Sheria ya Kanisa hata hivyo iliiweka huduma rasmi ya usomaji kuwa ya wanaume mpaka tarehe 10 Januari 2021, Papa Fransisko alipoifungua kwa wanawake kwa barua yake *Spiritus Domini*. Kwa Wakatoliki, basi, desturi ilitangulia na sheria ikaifuata. Kwa Waislamu wa eneo hili imekuwa kinyume: sheria iliruhusu tangu zamani mwanamke aingie, asali, asikie, awaongoze wenzake, na desturi ndiyo iliyochelewa. Waanglikana wa Kongo wamekwenda umbali mwingine na kuwapa wanawake ukasisi. Mama mmoja wa Butembo anaweza kuwa na dada Mkatoliki, shangazi Mwanglikana na wifi Mwislamu, na nyumba zao zikatembeleana bila yeyote kuona imani ya mwenzake kuwa ndogo. Hata hatari waliigawana: tarehe 27 Juni 2021, wiki chache baada ya sheikh kuuawa, bomu lililipuka katika kanisa Katoliki mjini Beni kabla ya ibada na kujeruhi wanawake wawili.

Ipo ibada moja ambayo ndani yake Uislamu haukumwachia mwanamke hiari. Maiti wa kike huoshwa na wanawake. Mume ameruhusiwa, lakini kazi yenyewe, josho, kukafini, kujua masharti yake, ni elimu ya wanawake, na katika kila jamaa wapo mabibi wanaojulikana kwamba wakiitwa watafika. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, kuanzia Mangina karibu na Beni, ikaenea Butembo na Katwa, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana, kwa kuwa wao ndio wanaowauguza wagonjwa. Maiti wa Ebola huambukiza kuliko mgonjwa, na mkono wa mwosha maiti ndio unaomgusa. Mwongozo wa maziko salama ambao Shirika la Afya Duniani liliuandika wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi ulizingatia kwamba kwa Waislamu tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, inaweza kushika nafasi ya josho, nayo ni rukhsa ambayo fiqhi iliijua karne nyingi kabla ya virusi hivyo kupewa jina. Rukhsa hiyo hutangazwa wapi? Msikitini. Na inamhusu nani kwanza? Bibi mwosha maiti, ambaye huenda hakuwepo. Mfano huu unanigusa kuliko mingine yote, kwa sababu hapa kutosikia hakupunguzi thawabu peke yake. Kunaua.

Turudi Madina, kama wanavyorudi wote wanaojadili. Ibn Umar alipokea katazo la kuwazuia wanawake wasiende misikitini, na mwanawe aliposema yeye atawazuia, baba alimkaripia kwa ukali. Bibi Aisha, kwa upande wake, alisema kwamba lau Mtume angeyaona yaliyozuka baadaye angewazuia. Kila upande umezinukuu kauli hizi mara elfu. Mimi huvutwa na habari zisizonukuliwa sana. Ummu Hisham binti Haritha aliihifadhi sura ya Qaf kwa kuisikia kinywani mwa Mtume juu ya mimbari siku za Ijumaa. Siku moja ya Idi, Mtume alidhani kwamba wanawake hawakumsikia, akawaendea na Bilal akawahubiria wao peke yao. Na wanawake walipomwambia kwamba wanaume wamewazidi katika kumpata, wakaomba siku yao, aliwapa. Katika habari zote tatu uimamu haukuguswa. Jambo lililotafutwa ni kwamba neno liwafikie, na lilipoelekea kutowafikia, msemaji ndiye aliyepiga hatua.

Nikizikusanya mila hizi, naona kwamba Lamu, Kaifeng na Sokoto ziliwatenganisha wanawake na ukumbi wa wanaume, na zote tatu zilikuwa na njia ya kulifikisha neno: majlisi, msikiti wao, walimu wanaosafiri. Cape Town iliwaingiza ukumbini. Namna zinapingana, na kila moja ina hoja yake katika fiqhi na katika maisha ya watu wake. Hali ambayo sioni mila yoyote kati ya hizi ikiitetea ni ile ya mwanamke aliyeambiwa abaki nyumbani, na huko nyumbani hakuna kinachomfikia. Mashekhe wa Beni na Butembo hawahitaji kuichagua New York ili waiepuke hali hiyo. Spika yenye sauti safi katika chumba cha wanawake, mawaidha yanayowataja na kuwajibu, bibi mwosha maiti katika kamati ya msikiti, siku ya maswali: hakuna hata moja katika haya linalogusa sharti la imamu kwa Mashafii.

Hesabu ya saa za kwenda msikitini ndiyo inayobaki, nayo imegeuka. Masimulizi ya Madina yanaonyesha wanawake wakienda msikitini hasa alfajiri na isha. Bibi Aisha alieleza jinsi walivyorudi wamejifunika shuka zao, giza likiwa halijawatambulisha. Usiku ulikuwa sitara yao, na mafakihi waliojenga hukumu juu ya usalama wa mwanamke walijenga wakiwa na usiku huo akilini. Beni, chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, siku tano tu baada ya kifo cha sheikh, usiku umekuwa wakati wa amri ya kutotoka nje na wa mashambulizi. Sababu ile ile ya kifiqhi, amani ya njia, iliyomfungulia mwanamke wa Madina isha na alfajiri, hapa inamfungulia mchana wa Ijumaa, swala ambayo haikufaradhishwa kwake, na ambayo ndani yake ndimo mji huelezwa mambo yake. Mwanazuoni wa Kishafii atakayekaa kuiandika hukumu hiyo kwa ajili ya Beni ana dalili za kutosha mkononi.